Kutafuta Deraya Transylvania

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, naye alinifunza kuangalia nguo kabla ya mvaaji. Kwa hiyo niliposhuka treni Cluj-Napoca, mji wa Transylvania nchini Romania ambao Wahungari huuita Kolozsvár, sikuanza na uso wa sanamu ya Mtakatifu George. Nilimzunguka nikasimama nyuma yake.

Sanamu hiyo, iliyo mbele ya kanisa, ni nakala ya mwaka 1904. Ya asili iko Prague, imesubiwa kwa shaba mwaka 1373 na ndugu wawili wa mji huu, Márton na György. Deraya nyingi za zama zile zimeliwa na kutu au zimeyeyushwa. Anayetaka kujua wapanda farasi wa Hungaria walivaa nini hana budi kubembeleza sanamu, mihuri na kuta za makanisa. Ndugu hawa hawambanii mtu: vipande vidogo vya chuma vimepangwa safu juu ya safu, na chini yake vazi la pete za chuma linachungulia kama shimizi. Ila kichwa kiko wazi. Nilikuwa nimekuja na hamu ya chapeo!

Kesho yake nilizifuata kuta za makanisa: nilipanda basi dogo, kisha gari la mpita njia, hadi kijiji cha Dârjiu. Mama mmoja mzee alinifungulia kanisa lenye ngome. Alisema Kihungari, nami nikajibu kwa mikono.

Michoro ya humo ni ya mwaka 1419. Ukutani Mtakatifu László, mfalme wa Hungaria, anamfukuza Mkumani, mpanda farasi wa nyika, aliyemteka binti. Masimulizi yanasema chuma hakikumwingia adui yule, wakakamatana mieleka, hadi binti alipomkata mguu. Kisa chenyewe kinahusishwa na vita vya mwaka 1068, na László alitawazwa mwaka 1077; hata hivyo mchoraji amemvika taji tayari. Nilicheka peke yangu. Taji lile lilinionya juu ya vazi zima: mchoraji amemshonea mtu wa karne ya 11 kwa vipimo vya wateja wake mwenyewe. Kuhusu mwaka 1068 ni shahidi wa uongo. Kuhusu siku zake mwenyewe namwamini, maana waliokuja kusali waliyajua mavazi yale na wangemsuta. Simwamini vivyo hivyo kwa Mkumani na kofia yake iliyochongoka. Adui hashonewi kwa kupimwa.

Mama alinivuta kanzu, akanipeleka mnarani. Huko juu familia za kijiji zimetundika mafuta ya nguruwe, mapande meupe yaliyoning'inia kwa safu. Akatoa kisu. Niliweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa. Alinitazama kofia, akaitazama kanzu, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanikatia mkate mtupu.