ASHERA CHINI YA GODORO

Somo letu leo ni Waamuzi 6:25-32.

Ashera alikuwa mungu mke wa Wakanaani. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Ugarit, nchini Syria, kuanzia mwaka 1929 vinamtaja kuwa mke wa El na mama wa miungu, mwenye wana 70. Mama wa namna hiyo, mtu anayetafuta mtoto angempita vipi? Ishara yake ilikuwa mti au nguzo ya mbao, na mara nyingi ilisimama kando ya madhabahu.

Shika neno hilo: kando. Israeli hawakumfukuza Bwana ndipo wamlete Ashera. Walimweka kando yake. Manase aliisimamisha sanamu yake ndani ya hekalu lenyewe (2 Wafalme 21:7). Na kule Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, wachimbaji wa 1975 na 1976 walikuta mitungi mikubwa yenye maandishi ya kubariki watu kwa Bwana na kwa Ashera wake. Wasomi wanabishana kama ni mungu mke mwenyewe au ni nguzo yake. Mimi linalonichoma ni lile "na".

Linanichoma kwa sababu nalijua. Mwaka wa sita wa ndoa yetu bila mtoto, nikiwa tayari mchungaji, nilinunua kitambaa "kilichoombewa" kwa mtumishi mmoja. Nikakificha chini ya godoro. Jumapili nilihubiri kwamba Mungu peke yake anatosha. Usiku nilipapasa kuhakikisha kitambaa kipo.

Ndipo nikamsoma Gideoni upya. Kabla hajaenda kupigana na Wamidiani, Mungu alimtuma nyumbani kwa baba yake: abomoe madhabahu ya Baali, aikate Ashera, na kuni zake ziteketeze sadaka. Gideoni alienda usiku kwa sababu aliogopa. Mungu hakumkemea kwa woga huo. Alichotaka ni Ashera ikatwe.

Nilimweleza mke wangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikiona kitambo. Nilikuwa nangoja ukitoe mwenyewe." Usiku huohuo tulikichoma kwenye jiko la makaa.

Sitakudanganya kwamba mimba ilikuja mwezi uliofuata. Tulingoja miaka mitatu zaidi. Lakini tulingoja tukiwa na Mungu mmoja.

Mpendwa, wewe umeweka nini baada ya "na"? Usisubiri mpaka uwe jasiri. Nenda hata usiku.

Baba, tusaidie kukata tulichokisimamisha kando yako. Katika jina la Yesu, amina.