Kayanga, Mwaka Ambao Mvua Ilikataa Kuondoka

Kayanga imekaa juu vilimani, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni anayepanda kutoka Kyaka hushangaa kuhitaji koti katika nchi iliyo karibu na Ikweta. Theluji hatuijui. Baridi yetu huja na mvua na ukungu, na huondoka jua linapotoka.

Mwaka wa mkulima wa Karagwe hugawanywa na mvua. Vuli huanza Septemba, maharage yakapandwa kati ya migomba. Januari jua hutoka kwa wiki kadhaa, maharage yakang'olewa, yakaanikwa uani na kupigwa kwa fimbo. Kisha huja masika, Machi hadi Mei, na baada yake kiangazi cha kuanika kahawa. Kila kazi ina jua lake. Jua lisipotoka, mkulima hana cha kuweka badala yake.

Vuli ya mwaka 1997 haikuondoka. Wataalamu walieleza habari za El Nino, na kwamba maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yamepata joto lisilo la kawaida. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 1.5 kati ya Oktoba na Mei. Sisi wa vilimani tulichojua ni kwamba Januari ilifika na mvua haikupumzika.

Maharage yaliyokomaa yalichipua ndani ya maganda yake, yangali shambani. Yale tuliyowahi kung'oa tuliyatandaza juu ya meko, yakanuka moshi, na mengine yakaingia kuvu. Migomba iliyobeba mikungu iling'oka kwa kuwa udongo ulilegea. Kuni zote zilikuwa mbichi. Nguo ya mtoto iliyofuliwa Jumatatu ilivaliwa Ijumaa ikiwa bado na unyevu. Barabara ya kwenda Bukoba, zaidi ya kilomita 100, wakati huo ilikuwa ya udongo. Malori yalipokwama, chumvi na mafuta ya taa vikaadimika. Na malaria, tuliyozoea kuiona ni ya mabondeni, ilipanda hadi milangoni mwetu.

Katika hali hiyo ilituingia Ramadhani ya mwaka 1418 Hijria, mwaka wa 1998 ulipokuwa ukianza. Mwezi hatukuuona kwa mawingu, tuliusikia redioni. Futari ilikuwa ndizi, na maharage yale ya moshi, yakigawanywa kwa hesabu.

Usiku mmoja tulikuwa katika tarawehe, mvua ikipiga bati hata sauti ya imamu ikawa haifiki safu ya pili. Nyumba ya bibi mmoja, mjane, ilikuwa chini kidogo ya msikiti, nyumba ya miti na udongo. Ukuta wake mmoja ulianguka wakati tukiswali. Hakuumia, Alhamdulillah. Lakini alikesha yeye na mjukuu wake chini ya sehemu ya paa iliyosalia, na sisi baada ya swala tulipita mbele ya nyumba hiyo tukiwa tumeinamisha vichwa kukwepa mvua, kila mmoja akiwahi kwake.

Alfajiri ndipo tulipoona. Mzee mmoja akamwuliza, "Mama, mbona hukuita?" Akajibu kwa upole, "Niliita, wanangu. Mvua ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu."

Ijumaa ile imamu alitukumbusha Hadithi ya Anas (radhi za Allah ziwe juu yake), katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemwendea Mtume (saw) akiwa juu ya mimbari, akamwomba awaombee mvua kwa kuwa mifugo inaangamia. Mvua ikanyesha hadi Ijumaa ya pili, akaja mtu kuomba izuiwe, kwa kuwa mali inaangamia na njia zimekatika. Mtume (saw) akamwomba Allah aielekeze pembezoni mwao, vilimani, mabondeni na mahali inapoota miti, isiwe juu yao. Hakuilaani mvua, kwani ni rehema. Tukaomba dua ile. Kisha imamu akauliza, "Nani ana miti mikavu?"

Udongo haukauki katika mvua, basi ukuta ukazibwa kwa mbao na mabanzi, na bibi na mjukuu wake wakahamia kwa jirani hadi kiangazi. Akina mama wakapanga zamu: nyumba yenye kuni kavu siku hiyo ipike futari ya nyumba nyingine tatu. Nasi tukawekeana ahadi kwamba atokaye katika tarawehe asipite mlango wowote bila kutoa salamu, wala asiondoke hadi ameitikiwa.

Mavuno hayakurudi. Mwaka ule wengi wetu tulinunua mbegu kwa mkopo. Lakini hatukuzika mtu aliyekufa peke yake nyumbani mwake.

Leo barabara ya Kyaka ina lami na nyumba nyingi zina simu. Mvua kubwa zimerudi mara nyingine, na Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo kilichovunja rekodi zake. Simu ni neema, lakini betri huisha, na mzee huona haya kuomba. Wazazi wenzetu, mtumeni mtoto kwa jirani mvua inaponyesha. Asimame mlangoni, atoe salamu, asubiri kuitikiwa.