Kilo mbili za Jumatatu

Haya wasomaji wangu, najua nimepotea. Wiki tatu nzima hapa kimya, mpaka kuna walioniuliza kama mhariri amenitimua. Bado hajanitimua. Nilikuwa na mambo ya nyumbani, Shirimatunda, na leo nayamwaga yote, hata yale ya aibu. Nimezoea kuandika makosa ya watu wengine gazetini, sasa acha niandike la kwangu bila malipo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba Januari niliamua kupunguza mwili. Nilikuwa na kilo 96, na urefu wangu siyo wa kujivunia. Kazi yetu hii ni ya kukaa: asubuhi mahakamani umekaa, mchana semina umekaa (na chakula cha semina mnakijua), jioni unaandika umekaa. Siku moja nilipanda ngazi za halmashauri kumfuata afisa mmoja, nilipofika juu nikashindwa kuuliza swali. Afisa akanisubiri nipumue, na majibu yake akawa ameshayaandaa. Nikasema hapana, hii sasa ni hasara hata kwa taaluma.

Mizani nilikuwa nayo nyumbani. Niliinunua mtumba pale Memorial, wala sikuinunua kwa ajili yangu. Nilimnunulia mama. Mama ana tatizo la moyo, matokeo ya presha ya miaka mingi, na kliniki walimwambia ajipime kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mimi nikawa nadandia tu. Yeye akishuka, mimi napanda.

Wiki ya kwanza nilishuka karibu kilo 3. Jamani, nilitembea mjini kama nimeshinda ubunge! Nilikuwa nimeacha soda, chapati, na ule wali wa usiku. Nikapiga hesabu kwamba kwa mwendo ule kufikia Pasaka ningekuwa mwembamba kama nguzo ya umeme. Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya zile kilo ilikuwa maji. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwa gharama.

Basi bwana, wiki ya sita, Jumamosi asubuhi, mizani ikasema 90.4. Siku hiyohiyo mchana kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa binamu yangu. Ubatizo wa Uchagani siyo wa kwenda ukarudi na njaa. Kulikuwa na machalari, kitimoto iliyonyunyiziwa chumvi mpaka inang'aa, na mbege. Nilijitahidi, nawaapia. Nilikula kama mtu mwenye adabu. Jumapili viporo. Jumatatu asubuhi napanda mizani: 92.7.

Kilo 2 na nukta 3! Wiki nne za kulala na njaa zimefutwa na ubatizo mmoja. Nilishuka, nikapanda tena. Nikaisogeza mizani hadi kwenye sakafu iliyo sawa. 92.7. Nilikaa kitandani na taulo kiunoni, nikasikia kitu kama kilio kooni. Mnacheka? Chekeni. Aliyewahi kujinyima anajua.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mama humeza kila asubuhi kidonge cha furosemidi, sisi nyumbani tunakiita "kidonge cha maji". Kinaziamrisha figo zitoe chumvi, na maji yanafuata chumvi. Nilijua tu kwamba mama akikimeza hatoki mbali na choo, na miguu yake inarudi kuwa miguu. Nikaenda kwenye pakiti, nikabanjua viwili, nikameza na chai ya rangi.

Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimekwenda chooni mara nane. Kesho yake asubuhi mizani ikasema 90.8. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Nilipoinama kufunga kamba za viatu dunia ikazunguka. Kwenye daladala ya kwenda mjini nikashikilia bomba kwa mikono miwili, moyo unapiga ovyo, na ndama za miguu zinakaza. Konda akaniambia, "Mangi, umelewa asubuhi yote hii?" Sikuwa na la kumjibu.

Na Jumatano ilikuwa 91.9. Maji yalikuwa yamerudi yenyewe, maana mwili ukikaushwa kwa nguvu unaanza kung'ang'ania kila tone.

Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari. Simwambii habari ya vidonge (woga), namwambia tu habari ya ubatizo. Akacheka sana, halafu akanifanyisha hesabu, mimi niliyezikimbia hesabu nikaenda kusomea uandishi.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, akasema. Ili upate kilo 2 za mafuta kwa siku mbili lazima ule kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile unazotumia. Hizo ni zaidi ya chupa 70 za bia. "Ulikunywa bia 70 kwenye ubatizo?" Hapana, daktari. "Basi siyo mafuta."

Sasa ni nini? Akaniuliza kama nimewahi kuiona dripu ya maji ya chumvi. Lita moja ya ile dripu ina gramu 9 za chumvi. Ndicho kiasi ambacho damu inakipenda, na mwili hauna mchezo na kiasi hicho. Ukila gramu 9 za ziada, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, mwili unabakiza karibu lita nzima ya maji ili kuilainisha, mpaka figo zipate siku mbili tatu za kuitoa. Lita ya maji ni kilo. Kitimoto ile peke yake ilikuwa imenipa kilo yangu.

Nyingine ilitoka kwenye ndizi. Wanga tunaokula, sehemu yake inawekwa akiba kwenye ini na misuli kama glikojeni, na mtu mzima anaweza kuweka kama nusu kilo hivi. Kila gramu yake inahifadhiwa pamoja na gramu kama 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inaliwa, maji yanatoka, unajiona shujaa (wiki yangu ya kwanza ile!). Ukirudi kwenye machalari siku moja, ghala linajazwa upya, maji yanarudi. Mafuta hayajaguswa, si kupungua wala kuongezeka.

Akaongeza mengine haraka haraka. Ukifanya mazoezi mapya misuli inauma na kuvimba kidogo, na huo uvimbe ni maji. Wanawake wengi hupanda kabla ya siku zao. Ukisafiri kwa basi kutoka Dar hadi Moshi viatu vinabana. Hata wageni wanaopanda mlima wetu hapo juu, wengine hushuka na nyuso zimevimba.

Nilivyo mwandishi, nikaenda kusoma zaidi. Nikakutana na jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945. Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 kwa wiki 24, wakabaki mifupa. Lakini vifundo vya miguu na nyuso za wengi zilivimba maji, hivyo mizani ilikuwa inaficha walivyokwisha. Hapo nikakumbuka kwashakoo, ambayo sisi hatuhitaji kwenda Minnesota kuiona. Mtoto wa kwashakoo anaonekana ana mashavu, kumbe ni maji. Akianza kutibiwa vizuri, siku za mwanzo uzito wake unashuka, na manesi wanafurahi. Mizani inajua uzito tu. Haijui ni uzito wa nini.

Daktari akanipa dawa nyepesi: pima kila siku asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, lakini usiisome siku, soma wastani wa siku saba. Nikafanya hivyo. Wiki kabla ya ubatizo wastani wangu ulikuwa 90.9. Wiki ya ubatizo na vidonge, 91.0. Wiki iliyofuata, 89.8. Ukiitazama hivyo, ule msiba wangu wa Jumatatu hauonekani kabisa.

Ningeishia hapo ingekuwa makala nzuri ya ukurasa wa afya. Tatizo ni mama.

Vidonge vyake vilikuwa vimehesabiwa mpaka siku ya kliniki. Viwili nilivyokula mimi vilikuwa vya Jumamosi na Jumapili ya mwisho. Alipofungua pakiti akakuta tupu, akadhani amekosea kuhesabu. Hakutaka kunisumbua, si unajua wazazi wetu, mtoto yuko kazini. Akasema atavumilia mpaka Jumatatu. Na Jumamosi hiyo alipikiwa dagaa wa chumvi.

Jumapili usiku nilimsikia anakohoa. Nikaingia, nikamkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni.

"Mama, mbona hulali?"

"Nikilala chali pumzi inakataa, mwanangu. Lala wewe, una kazi kesho."

Nikachukua daftari. Ijumaa 68.2. Jumamosi 69.0. Jumapili 70.3. Nikambonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba, nikatoa kidole, shimo likabaki. Kwenye jalada la ndani la lile daftari nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, njoo, usisubiri kliniki. Miezi yote nilikuwa naandika namba zangu kwenye daftari lilelile, sikuwahi kufungua jalada.

Tulipata bajaji saa nane usiku. Njia nzima kichwani ninayo namba moja. Mimi nilipandisha kilo 2 na kitu nikalia kwa ajili ya kitambi. Yeye kapandisha kilo 2 na kitu, na ni moyo unashindwa kusukuma, maji yanajaa mpaka kwenye mapafu. Ni maji yaleyale, na mizani ileile ya Memorial.

Alilazwa siku tatu. Wakampa dawa ileile kwa sindano, maji yakatoka, akarudi nyumbani na 67.9. Nilimweleza siku ya pili wodini, nimeshika kikombe cha uji kwa sababu sikujua niweke wapi mikono. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Yaani vile vidonge ulikula wewe. Na mimi nimemsema sana yule binti wa jirani." Akageukia ukutani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia kidogo.

Binti wa jirani nimemwomba radhi. Vidonge sasa nanunua vya wiki mbili zaidi, naviweka kabatini, na ufunguo anao mama. Mimi niko 88.6 kwa wastani, kwa wale mnaopenda kujua. Leo asubuhi nilipanda gramu 700 kwa sababu jana usiku nilikula chipsi, na mama akachungulia namba yangu, akaniuliza kwa dharau kama aniitie bajaji.

Mhariri anapiga simu. Nitarudi wiki ijayo, Mungu akipenda.