Mia fil mia kwa skrini si mia fil mia kwa diski

Watu wangu wa Malindi na Kilifi mnaoshika kamera, hebu tuongee. Kila mmoja wetu ana ile diski ya nje iliyobeba kila kitu: harusi za watu, ngoma, nyanya akisimulia hadithi ambazo hakuna mwingine anazijua. Na sote tunaamini neno moja tu: "Imekamilika." Mimi nasema hilo neno huwa na haraka.

Iko hivi. Ukikopi faili, mara nyingi mfumo wa kompyuta hauiandiki kwa diski papo hapo. Unaiweka kwanza kwa RAM, sehemu inaitwa kashe, halafu unaiandika polepole wewe ukiendelea na mambo yako. Kwa Linux, kwa kawaida data inaweza kungoja huko kama sekunde 30 kabla mfumo uanze kuisukuma. Sasa chomoa diski hapo katikati. Ama stima ipotee, kama usiku wa 25 Agosti 2023 ilipokatika karibu Kenya nzima. Kilichokuwa kwa RAM pekee kimeenda, basi. Sauti ya nyanya hairekodiwi mara ya pili.

Lakini kashe si adui. Fikiria mama wa viazi karai na kabati lake la kioo. Vile vinavyoulizwa kila saa vinakaa hapo mbele, ndio maana unahudumiwa haraka. Shida ni siku akipata oda ya harusi, ajaze kabati lote na viazi ambavyo vinapita mara moja tu. Wateja wa kila siku watangoja.

Ndivyo programu nyingi za kuhifadhi zinavyofanya. Unapakia GB 200 za video za zamani, kila faili inasomwa mara moja, lakini inajaza kashe na kufukuza mradi unaoedit saa hii. Halafu unalaumu kompyuta ni nzee!

Dawa ipo kitambo. Kuna agizo linaitwa posix_fadvise, ambalo programu inatumia kuuambia mfumo, "Hii nimemaliza nayo, itoe." Borg inalitumia. dd ina chaguo la nocache, na ukiweka conv=fsync haimalizi mpaka data iandikwe kweli. Lakini tar, ambayo iko kila mahali, haikupi swichi kama hiyo.

Wengine watasema tuuachie mfumo, unajua zaidi. Zii. Mfumo unakisia tu. Programu ya kuhifadhi ndiyo inajua faili hii haitasomwa tena leo. Kwa hivyo iseme, na iseme yenyewe bila kungoja mtu asome maelezo kurasa arobaini.

Mpaka hapo, kwa Linux andika sync na ungoje irudi. Kwa Windows, bonyeza ile ya kuondoa diski kwa usalama. Ni sekunde chache tu.

Niambieni ukweli, nani bado anachomoa tu?