Nani Hulima?

Katika daftari langu kuna mstari mmoja niliouharibu kwa kuusahihisha. Mama mkubwa, aliyeikimbia Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022 na kuja kukaa kwetu Goma, alikuwa akinisimulia siku yake ya shamba: "Tunaamukaka saa kumi na moja, tunalimaka maharagi na muhindi." Nilikuwa nikikusanya vitenzi kwa ajili ya kazi yangu ya kuhitimu. Usiku, nikisikiliza sauti niliyorekodi, mkono uliozoea sarufi ya darasani ukaandika: "Huamka saa kumi na moja, hulima maharagwe na mahindi."

Kisarufi sikukosea. Kiambishi hu- huonyesha mazoea, ila hakikubali kiambishi cha nafsi kando yake: mimi hulima, wewe hulima, wao hulima. Ondoa kiwakilishi, na mlimaji hajulikani tena. Kiswahili cha kwetu kinapita njia nyingine. Mazoea yanabebwa na -aka mwishoni, na nafsi inabaki mahali pake mwanzoni: ninalimaka, munalimaka, banalimaka. (Wanaokiita kibovu wasikilize kwanza majirani. Kilingala kina nasalaka, yaani mimi hufanya. Kinyarwanda kina twahingaga, tulikuwa tukilima. Hatukuokota kitu barabarani.)

Nilipomsomea mama mkubwa nukuu yangu, alinikatiza.

"Nani analima hapo?"

"Ni ninyi, mama."

"Basi andika tunalimaka."

Nikaandika. Kisha, kwa ukaidi wa mwanafunzi, nikahamia kwenye wakati. Misimu minne ya maharagwe ilikuwa imepita bila yeye kulikanyaga shamba lile, na sijui nani alikuwa akilivuna. Nikamuuliza kama haingefaa kusema tulikuwaka tunalima. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, nami nikadhani hakunisikia.

"Hapana," akasema hatimaye. "Iyo ni ya mutu mwenye aliacha shamba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba -aka yake haikuwa ikihesabu mara alizolima. Ilisema kazi ile bado ni yao, na tu- ilisema ya nani.

Katika jedwali langu sentensi hiyo iko kwenye safu ya mazoea ya sasa. Msimamizi ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, kando ya tarehe ya kurekodi. Sijaihamisha.