Mkanda wa Bibi

Jumatatu, 12 Februari

Mistari tu. Ya kijivu, inakimbia kioo kizima, inakatika, inarudi. Nataka kuihamishia video ya harusi ya Maskati kwenye mkanda wa deki, Bibi aione. Ule waya wa kutoka laptopu hadi deki, wenye pini kumi na tano upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili haukuleta sura ya mtu hata kidogo. Nimechomoa, nimechomeka. Wapi!

Fundi wa Darajani kanitazama kwa huruma. Kompyuta, kasema, hata ukiishusha mpaka chini kabisa, bado inachora mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde. Deki inangoja 15,625, basi. Waya mtupu hauwezi kuipunguza. Zamani ziliwahi kuwapo kadi za kompyuta zilizotoa zenyewe ishara ya tivi kupitia tundu hilo la pini kumi na tano. Laptopu yangu haina habari hiyo.

Shaabani imeingia. Mjomba anapanda boti ya Mkoani Jumamosi ya wiki ijayo. Mkanda uwe mkononi mwake, aupeleke kwa Bibi.

Jumatano, 14 Februari, usiku

Rangi! Imetoka rangi!

Kiboksi cha kuenea kiganjani: HDMI inaingia huku, njano, nyeupe na nyekundu zinatoka kule. Kinataka umeme wake, waya wa USB kutoka ubavuni mwa laptopu. Bila huo kimekufa. Mwanzo picha ilikuja nyeusi na nyeupe, inapanda juu bila kusimama. Swichi ndogo ilikuwa kwenye NTSC, ya Marekani na Japani, mistari 525. Nikaisukuma PAL, 625, ya kwetu. Ikatulia. Hina ikaonekana mikononi mwa bi harusi. Nimepiga kigelegele peke yangu chumbani.

Nisisahau: deki iwe AV, si chaneli, la sivyo inasubiri antena. Njano iingie IN, OUT iende tivi. Deki hii ina tundu moja tu la sauti, kwa hiyo laptopu itoe mono, nisije nikaipoteza nusu ya taarabu.

Alhamisi, 15 Februari

Kaka kapiga simu. "Si umpe Bibi tableti tu, yaishe?"

Tableti aliletewa. Iko kabatini. Inajifunga, inataka namba ya siri, inataka bando, kila mara amwite mtoto wa jirani aje kumfungulia. Deki anaijua. Anasukuma mkanda, anabonyeza, anakaa zake. Ule wa harusi ya mama, wa 1991, anaurudisha mwenyewe mpaka pale anapopataka, na miwani havai. Nataka na huu wa Maskati auone hivyo hivyo, saa aipendayo yeye, asimwombe mtu. Mbona hilo ni gumu kueleweka?

Nimejibu kwa upole. Lakini nimeudhika, na bado nimeudhika.

Ijumaa, 16 Februari, baada ya swala

Video ya simu ni pana, tivi ya chogo ni karibu mraba. Kwa hiyo shangazi zangu wote wamekuwa wembamba kama fito, na bwana harusi kapanda urefu. Bibi hawezi kuletewa watu asiowatambua. Nimeweka ukanda mweusi juu na chini, sura zimerudi zilivyo.

Kingo nazo zinaliwa. Tivi hizi huficha pembe za picha nyuma ya fremu. Majina niliyoyaandika chini kabisa yalikatwa tumboni. Nimeyasogeza ndani na kuyakuza sana, maana VHS inabeba kama mistari 240 tu ya undani kwa upana, na herufi ndogo zinakuwa ukungu.

Kanga ya mama mkwe yenye mistari myembamba inameremeta, inatoa rangi za upinde ambazo hazimo kwenye kitambaa. Ni huo waya wa njano, unabeba mwanga na rangi kwa pamoja, vinachanganyikana. Nimeilainisha kidogo picha, imepungua. Haijaisha. Naiacha.

Jumapili, 18 Februari

Leo kurekodi. Video ni saa moja na dakika arobaini, na deki itachukua saa moja na dakika arobaini. Hapa hakuna njia ya mkato, na nimeipenda hali hiyo. Nimekaa mpaka mwisho.

Kwanza fundi alisafisha vichwa vya deki: spiriti, kitambaa kisichotoa nyuzi, kulaza tu bila kukwangua juu na chini. Lile pipa linalobeba vichwa huzunguka mara 25 kwa sekunde, kidole kizito kinalimaliza. Mkanda ni E-180, spidi ya SP. Kijino cha mgongoni kilikwisha vunjwa, nikaziba kwa selotepu, deki ikakubali. LP ingetupa saa sita, lakini picha inafifia, na deki ya Bibi ni mzee mwenziwe.

WhatsApp nimezima. Intaneti nimezima. Laptopu isilale. Nilikuwa nikiomba umeme usikatike.

Haukukatika!

Jumapili, 25 Februari

Bibi kapiga mwenyewe, asubuhi mapema.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Huyu wa kijani aliyekaa karibu na mlango ni nani?"

Kauona! Keshaurudisha pale mara nyingi, anasema, na bado hamjui. Tukaanza kutajiana ukoo mmoja mmoja, mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi. Kumbe ni mtoto wa binamu yake aliyehamia Oman zamani. Bibi kacheka mpaka akakohoa.

Sasa anataka na ya walima, mkanda wake peke yake, asichanganyiwe. Mikanda mitupu haipatikani kirahisi; hata deki zenyewe, Funai wa Japani walikuwa wa mwisho kuzitengeneza, wakaacha Julai 2016. Fundi ana mitatu ya filamu za zamani, hazina mwenyewe. Kesho nipite kwake kabla hajafunga, nichukue yote.