Anwani ya Ndege Haihami na Boksi

Mimi ni fundi wa elektroniki za ndege, na maisha yangu ya kazi yamepita katika karakana za huku kaskazini. Nyumbani ni Chekereni, kwenye mpunga wa skimu ya Lower Moshi. Siku hizi vijana wa kijijini wakisikia mngurumo angani hutoa simu, na programu inawatajia ndege na safari yake. Huniuliza, "Mzee, simu inajuaje?"

Inajua kwa sababu ndege inajitaja yenyewe. Transponda yake hurusha, kwa megahezi 1090, anwani ya biti 24 ambayo sisi huiandika kwa alama sita, na vipokezi vilivyoko ardhini huidaka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limezigawa anwani hizo kwa nchi. Za Kenya huanza na 04C, za Marekani na A. Zetu huanza na 080, nazo ni 4,096. Ndege ikisajiliwa hapa kwa herufi 5H, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, huipa moja ambayo haipaswi kutumiwa na ndege nyingine yoyote duniani.

Wengi huichanganya na ile namba ya tarakimu nne ambayo mwongoza ndege humpa rubani kwa redio. Hiyo ni ya safari tu, kesho atapewa mwingine. Chache zimetengwa kwa shida, kama 7600 redio ikifa na 7700 kwa dharura. Anwani ya biti 24 huwekwa na fundi, ndege ikiwa chini.

Kwenye ndege kubwa, anwani hufungwa kwenye nyaya za ndege yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha boksi la transponda inabaki palepale. Kwenye ndege ndogo nyingi imo ndani ya boksi. Ukilihamishia ndege nyingine bila kuiandika upya, limehama na anwani ya watu.

Niliwahi kuletewa ndege ndogo iliyonunuliwa nje. Ubavuni ilishapakwa 5H, lakini kwenye kipimo ikajibu kwa anwani ya nchi ilikotoka.

"Fundi, si inawaka?" mwenyewe akaniuliza.

"Inawaka, bosi, ila inajitaja kwa jina la ndege nyingine."

Alikasirika. Sikusaini mpaka ilipoandikwa upya.

Rada ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, huziita ndege mojamoja kwa anwani hizo, na mbili zikiwa na anwani moja huivuruga. Kinachonitisha zaidi ni mfumo wa kuepusha migongano. Ukisikia anwani iliyo sawa na yake, huihesabu kuwa ni sauti ya ndege yake na kuipuuza. Ndege mbili za namna hiyo zikikutana ndani ya mawingu, upande wetu huu wa Kilimanjaro, onyo halitalia kwa rubani yeyote.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha hufanya kazi hii wawili wawili. Mmoja anasoma karatasi ya TCAA kwa sauti, mwenzake anasoma kioo cha kipimo, alama kwa alama. Zikilingana zote sita, ndipo kitabu cha ndege kinasainiwa.